Je, mapenzi ya timu yanaongeza utamu wa kutazama mpira au yanaupunguza?

Mgebuka (Kigoma):
Wanajamvi, habari zenu. Jambo hili linanisumbua tangu tarehe 25 Julai 2021, siku ambayo Simba na Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho hapa kwetu, kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika. Mimi ni Yanga wa kurithi kwa marehemu baba, na kwa miaka mingi nilikuwa nawasikia watani hawa wa jadi redioni tu, hivyo niliingia uwanjani mapema kuliko wauza maji. Mukoko Tonombe alipooneshwa kadi nyekundu katika kipindi cha kwanza, mpira ulinifia machoni, nikabaki nahesabu dakika kama mgonjwa anayeingoja alfajiri. Taddeo Lwanga alipotufunga kwa kichwa zikiwa zimesalia kama dakika kumi, nilihisi unafuu kidogo (naona haya kulisema hili), kwa sababu angalau kungoja kulikuwa kumekwisha.

Shemeji yangu, ambaye hana timu, alikuwa amekaa pembeni yangu. Usiku, tukiwa mezani, alinisimulia mechi ile, nani alikaba vizuri na nani alipoteza pasi, nami nikamsikiliza kama mtu ambaye hakuwepo. Naomba mnisaidie: kati yetu wawili, ni nani aliyefaidi kiingilio chake?

Mwana wa Isevya (Tabora):
Ndugu Mgebuka, usimwonee shemeji yako wivu haraka. Mimi pia ni Yanga, lakini tangu timu ya mkoa wetu ilipopanda Ligi Kuu moyo wangu una vyumba viwili. Tarehe 7 Novemba 2024, Tabora United ilipoifunga Yanga mabao 3 kwa 1, niliitazama mechi nzima kwa utulivu ambao sijawahi kuwa nao, kwa kuwa kila bao, liwe la upande gani, lilikuwa na mtu wa kulifurahia ndani yangu. Niliona mambo mengi mazuri siku hiyo, na baada ya wiki moja nilikuwa nimeyasahau karibu yote.

Sasa linganisha na tarehe 3 Juni 2023, Yanga iliposhinda bao 1 kwa 0 kule Algiers na bado ikakosa Kombe la Shirikisho la Afrika, kwa sababu USM Alger walikuwa wametufunga mabao 2 kwa 1 Dar es Salaam na kanuni ya bao la ugenini (jumla ikiwa sare, aliyefunga mengi zaidi ugenini ndiye mshindi) ikawabeba. Kushinda ugenini kisha ukalia ni jambo ambalo asiye na timu hawezi kuelezwa akaelewa. Sikufurahia hata dakika moja, lakini hadi leo nakumbuka nilikaa kiti gani na nani alizima televisheni.

Mwalimu Mstaafu (Ujiji):
Mwaka 1954 watafiti wawili wa Marekani, Hastorf na Cantril, walichapisha utafiti kuhusu mechi ya mpira wa Kimarekani kati ya vyuo vya Princeton na Dartmouth. Waliwaonesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ileile, wakawataka wahesabu makosa, na wale wa Princeton wakaona wachezaji wa Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya maradufu ya yale waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Kwa hiyo mapenzi hayaongezi wala hayapunguzi utamu wa mechi ileile. Yanakupa mechi nyingine kabisa. Yeyote aliyewahi kusikiliza ubishi wa penalti katika kibanda umiza hahitaji utafiti kuliamini hilo.

Aidha, nina shaka na huyo shemeji asiye na timu. Kwenye Kombe la Dunia la mwaka 2010, Suárez wa Uruguay alipoudaka mpira kwenye mstari wa goli na Asamoah Gyan wa Ghana akagonga mwamba kwa penalti, kibandani kwetu hakukuwa na Mghana hata mmoja, lakini watu walitoka wameinamisha vichwa kama waliotoka mazikoni.

Mama Vitumbua (Kigoma):
Kaka zangu, mnahesabu dakika 90 tu. Mimi ni Simba, na nauza chai jirani na kibanda umiza. Tulipofungwa 5 kwa 1 tarehe 5 Novemba 2023, nilitamani kufunika masufuria nikalale, lakini wateja wangu wa Yanga walihakikisha silali: kila mmoja aliagiza vitumbua vitano, akavihesabu kwa sauti mbele yangu. Niliudhika, kisha nikacheka, na sikubakiwa na hata kimoja. Asiye na timu hataniwi, wala hana wa kumtania.

Mgebuka (Kigoma):
Shikamoo Mwalimu, umenikumbusha jambo. Aprili 2024, Mashujaa, timu ya hapa kwetu Kigoma, walipoitoa Simba kwa penalti kwenye uwanja uleule, nilikuwa na shemeji yuleyule. Mikwaju ilipoanza aligeukia jukwaa akaupa uwanja mgongo, na usiku, tukiwa mezani, mimi ndiye niliyemsimulia nani alipiga na nani alikosa.