Tupeane uzoefu: ni wapi fizikia ilikueleza jambo lote, na ni wapi ilikuachia swali?

Mwanzisha mada, Tononoka

Ndugu zangu, hamjambo nyote. Nafundisha fizikia ya sekondari hapa Mombasa, na hakuna mwaka unaopita bila mwanafunzi kuniuliza iwapo somo hili, likikamilika siku moja, litaeleza kila kilichopo. Mimi naamini kwamba hakuna elimu inayoeleza vizuri kuliko fizikia jinsi vitu vinavyotenda, lakini sioni kwamba imewahi kutuambia vitu hivyo ni nini hasa. Elektroni tunaijua kwa tungamo lake, chaji yake na spini yake (sifa inayoifanya iwe kama sumaku ndogo), na kila moja ya sifa hizo, ukiichunguza, ni maelezo ya namna elektroni inavyosukumwa au kuvutwa mbele ya vitu vingine. Mwanafalsafa Bertrand Russell alilisisitiza jambo hilo mwaka 1927, na mpaka leo sijakutana na jibu lililoniridhisha. Naomba kila mmoja alete aliyoyaona mwenyewe katika kazi yake.

Mvuvi, Likoni

Mwalimu, mimi fizikia haijanitupa hata siku moja. Marehemu baba alinifundisha kuhesabu maji kwa mwezi: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana, na katikati yake huja maji mafu. Siku hizi nafuata jedwali la maji la Kilindini, ambalo hukokotolewa mapema kwa mwaka mzima, nami hulilinganisha na alama niliyoikwangua kwenye nguzo ya gati. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, ndiyo maana mtu huona magari yakiupanda kwa shida mteremko wa feri maji yakiwa yamekupwa. Baba alijua maji yatakuja lini. Sababu yake, yaani mvutano wa mwezi na jua kama alivyoueleza Newton mwaka 1687, hakuwahi kuambiwa. Nilipoisoma, nilihisi kwamba elimu ya baba imepata mizizi, wala bahari haikunipungukia kitu.

Muuguzi, Changamwe

Nakubaliana na kaka wa Likoni kuhusu bahari, lakini wodini mambo hubadilika. Mashine iliyo kando ya kitanda hunionyesha mapigo ya moyo, presha na kiasi cha oksijeni, na nambari hizo naziamini. Maumivu hayana nambari pale. Ili kuyajua sina budi kumwinamia mgonjwa na kumwuliza, kuanzia sifuri hadi kumi, yamefika wapi, kisha niandike alichosema.

Nilimuuguza mzee mmoja aliyekatwa mguu chini ya goti. Usiku mmoja aliniita akaniambia, "Mwanangu, kidole gumba kinaniuma, nami najua hakipo." Nilifunua shuka, tukatazama pamoja mahali palipokuwa patupu, na jasho la maumivu lilikuwa likimtiririka usoni. Wenzangu wa wodini wanaijua hali hii, na sehemu ya maelezo yake ipo: ubongo unaendelea kuwa na ramani ya mguu, na mishipa ya fahamu iliyokatwa bado hupeleka ishara. Hata namna ishara yenyewe inavyosafiri kwa umeme ilikwisha kuandikwa kwa milinganyo na wanasayansi Hodgkin na Huxley mwaka 1952, baada ya kupima mshipa mnene wa ngisi, huyu huyu tunayemnunua sokoni. Milinganyo hiyo nimeisoma kwa heshima. Inaeleza ioni, yaani atomi zenye chaji, za sodiamu na potasiamu zinavyopita kwenye utando wa mshipa, na hakuna mstari hata mmoja ndani yake unaosema kwa nini mwendo huo wa ioni uume. Kama tungekuwa na hesabu ya kila atomi ya ubongo wa mzee yule, bado naona ningelazimika kumwuliza.

Fundi wa umeme, Mikindani

Dada yangu, hoja yako ni nzito, ila tusifunge mlango mapema. Wako wanakemia wa zamani waliodhani kwamba vitu vya miili hai haviwezi kutengenezwa bila nguvu ya uhai, mpaka Friedrich Wöhler alipotengeneza yurea, kemikali iliyomo kwenye mkojo, maabarani mwaka 1828. Huenda fahamu nayo inamngoja Wöhler wake.

Mstaafu, Kisauni

Nilikulia upande wa Ngomeni, karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini pale, ikaenda kuchunguza mionzi ya eksirei angani. Vipimo vyake vya Cygnus X-1, chanzo kimoja cha mionzi hiyo, vilisaidia kuwafanya wanasayansi waamini kwamba mashimo meusi, yaani mahali penye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki, yapo kweli. Hesabu za leo zinaonyesha kwamba maada tunayoifahamu ni takriban asilimia 5 tu ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Hata hivyo upungufu huo ni wa aina ambayo darubini bora inaweza kuutibu. Alichokitaja Bi Muuguzi sidhani kinangoja darubini.

Mwanzisha mada

Mzee wangu, umetenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kwa ndugu wa Mikindani nasema hivi: uhai ulielezwa kwa sababu kila tulichotaka kujua juu yake kilikuwa kitendo, yaani kupumua, kukua na kuzaana, na vitendo ndiyo milki ya fizikia. Maumivu yana vitendo vyake, kama kupiga kelele na kukunja uso, ila yana pia kuuma kwenyewe, na hapo sijui fizikia ingeanzia wapi kupima. Siyasemi haya ili kumtafutia Mwenyezi Mungu nafasi palipo na pengo, kwani imani yangu haitegemei mapengo ya sayansi.

Nawaomba waliowahi kulazwa kwa dawa ya usingizi wakafanyiwa upasuaji waendelee kutoka hapa, na hasa mtaalamu wa dawa hizo akiwemo kati yetu: anakadiria kipimo kwa uzito wa mwili, lakini anajuaje kwamba mgonjwa hahisi, wala si kwamba amezuiwa tu kusema na kukumbuka?