Chati za mishale za kemia ogania zinaniangusha. Ninyi mnazifanyiaje mazoezi?

Mama Ndoo, Kayole

Hamjambo nyote. Mimi ni mtahiniwa wa kibinafsi, nina miaka 29, nauza sabuni ya maji hapa Kayole. KCSE ya kwanza (mtihani wa kidato cha nne hapa Kenya) kemia iliniachia D. Nataka kurudia niingie uuguzi, na muda umenibana, maana kundi la mwisho la 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondoka, linafanya mtihani 2027.

Nimenunua bunda la karatasi za miaka iliyopita kule mjini. Kila usiku watoto wakilala nafanya swali moja la kemia ogania. Nikisoma kitabu naelewa. Najua alkeni inaondoa rangi ya maji ya bromini, najua kutaja majina. Lakini nikikutana na chati ya mishale yenye K, L, M, herufi za vitu unavyotakiwa kuvitambua, mkono unaganda. Jana nimepata 4 kwa 11. Swali lenyewe ni hili:

C2H5OH inapashwa moto na asidi ya salfuriki iliyokolea, inatoa gesi K. K na hidrojeni inatoa L. Upande mwingine C2H5OH inaoksidishwa kuwa M. M na C2H5OH zinatoa N yenye harufu tamu. M na hidroksidi ya sodiamu inatoa P, halafu P ikipashwa moto na soda laimu inatoa gesi Q.

K na L nilipata. Q nikaandika ethani, kwa sababu P ina kaboni mbili. Mwongozo wa kusahihisha unasema methani. Nilikaa na hiyo methani hadi saa sita usiku. Kaboni ya pili imekwenda wapi?

Kuna jingine limeniuma zaidi kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kwenye kutengeneza sabuni waliuliza chumvi huongezwa kwa nini. Nikajibu inaifanya sabuni iwe nzito. Nimekosa! Na mimi kila wiki natia chumvi kwenye ndoo, naiona ikiwa nzito kwa macho yangu.

Mwalimu wa Umoja

Dada, hongera kwa kurudi darasani. Kaboni yako haijapotea. P ni CH3COONa, na ndani ya soda laimu mna NaOH. Ziandike hivi:

CH3COONa + NaOH → CH4 + Na2CO3

Tazama Na2CO3. Kaboni ya pili imo humo, imebaki kwenye neli, kitu cheupe kigumu. Iliyotoka kama gesi ni ile iliyokuwa na hidrojeni tatu, ikapata ya nne.

Kosa hili naliona kila mwaka, hata kwa wanafunzi wazuri, na chanzo chake ni kukimbilia majina. Usiandike jina lolote kabla hujahesabu kaboni. Weka namba kwa penseli juu ya kila kisanduku. Kwenye chati yako C2H5OH ni 2, K ni 2, L ni 2, M ni 2, N ni 4 kwa sababu mbili zimeungana na mbili, P ni 2, Q ni 1. Namba ikipanda, tafuta nani kaileta kaboni. Ikishuka, tafuta nani kaondoka nayo. Ikibaki ileile, basi ni vitu vingine vimeingia au kutoka: kufika K maji yametoka, kufika L hidrojeni imeingia. Ukizoea hilo, chati haitakutisha tena, maana kabla hujajua K ni nini tayari unajua nusu ya habari zake.

Halafu tenganisha kitendanishi na hali. Wakiuliza kitendanishi cha kufika K, ni asidi ya salfuriki iliyokolea. Wakiuliza hali, ni joto la nyuzi 170 hadi 180. Kutoka K hadi L unahitaji kichocheo, nikeli, na nyuzi 150 hadi 250. Kufika N ni matone ya asidi iliyokolea na kupasha taratibu. Wengi huisahau ile asidi.

Rangi za kioksidishaji cha kufika M nazo ziandike zote mbili, ya kabla na ya baada. Potasiamu daikrometi yenye asidi inatoka rangi ya chungwa kuwa kijani. Manganeti inatoka zambarau na kubaki bila rangi. Usiandike kwamba "imekuwa safi". Chai ya rungi, isiyo na maziwa, ukiichuja vizuri ni safi, unaona hadi chini ya glasi, lakini rangi inayo.

Swali ulilokosa lirudie baada ya siku tatu kwenye karatasi tupu, mwongozo ukiwa chumba kingine.

Kijana wa Viwandani

Mama Ndoo, kuhusu chumvi, uliyoyaona ni kweli na mwongozo nao ni sahihi. Ni sabuni mbili tofauti. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni, hili naliishi.

Ya kitabuni inatoka kwa mafuta na NaOH. Chumvi nyingi inaipunguzia uwezo wa kuyeyuka, inajitenga na kuelea juu, glisaroli inabaki chini kwenye maji ya chumvi. Hilo ndilo jibu la mtihani. Wewe nadhani unatumia Ungerol, ule uji mzito wa dukani wa kutengenezea sabuni ya maji. Hiyo haina kichwa cha COONa, ina cha salfeti. Chumvi kidogo inafanya molekuli zake zijipange kuwa nyuzi ndefu zinazosokotana, ndipo unaona uzito. Ukizidisha chumvi itarudi kuwa maji. Na kichwa hichohicho ndicho kinafanya isigandishe utando kwenye maji magumu, yaani yenye kalsiamu au magnesiamu. Swali hilo hupenda kuja pamoja na la chumvi, usiliache.

Otis_K4

Mimi nilimaliza mwaka jana. Kilichonimaliza nguvu ni isoma, yaani vitu vyenye fomula moja lakini vimeungana tofauti. C5H12 nilikuwa nachora tano, kumbe ni tatu. Weka kidole kwenye kaboni ya mwisho, tembea bila kuinua. Ukizipita zote tano hiyo ni pentani tu, hata ikiwa imejikunja kama barabara za pale Globe, Nairobi. Zinazobaki ni 2-methilibutani na 2,2-daimethilipropani.

Mama Ndoo, Kayole

Asanteni sana, Mwalimu na wadogo zangu. Nimelirudia lile swali leo, siku ya tatu, karatasi tupu. Nimepata 9 kwa 11. Nilianza na namba za penseli kama ulivyosema, na nilipoandika 1 juu ya Q nilijua jibu kabla ya kufikiria. Zilizopotea ni asidi ya kufika N, ambayo nimeisahau na huku nimeonywa, na rangi ya kabla.

Kijana wa Viwandani, ni Ungerol kweli. Asubuhi nilitoa kikombe kimoja cha sabuni isiyo na chumvi nikawa natia maji ya chumvi kijiko kwa kijiko. Cha nne ilikuwa inavutika kama asali. Nikaendelea. Kufika cha tisa ilikuwa inamwagika kama maji ya mfereji. Binti yangu wa darasa la tano alikuwa anahesabu.

Kesho ni la maji magumu. Kwetu Kitui maji ya kisima yanakataa povu la sabuni ya kipande, nitaanza na swali hilo. Je, nikiandika kwamba utando mweupe ni kalsiamu imeungana na sabuni, inatosha, au wanataka na fomula?