Naomba ushauri: kitanda cha kale cha kupumzikia, cha mvule na kamba, ninunue au niache?

Mkaazi_Kizingo:
Assalaam aleikum, wanajukwaa. Naomba mnisaidie kabla sijatoa pesa. Kwa muuzaji mmoja wa samani za kale hapa Mombasa nimeona kitanda chembamba cha kupumzikia mchana, chenye mgongo upande mmoja tu, matendegu manne, yaani miguu, yaliyokerezwa, na kamba ambazo zimelegea kiasi cha kugusa sakafu ukikaa katikati. Muuzaji anasema ni mvule mtupu, kimetoka Lamu, kimetengenezwa miaka ya 1880, na anataka shilingi 85,000. Nakusudia kukiweka sebuleni chini ya dirisha, ili wageni wapate pa kukaa na mama apate pa kujinyoosha baada ya adhuhuri. Nitajuaje kama umri anaoutaja ni wa kweli? Kamba nikizibadilisha, je, nitakuwa nimeharibu ukale wake? Na amejitolea kukipiga msasa chote na kukipaka vanishi ya kung'aa kabla ya kukileta, nimkubalie?

FundiShela:
Waaleikum salaam, dada. Jibu la swali la mwisho ni hapana, na umwambie leo hii, kwa sababu akishakipiga msasa hakuna fundi atakayekurudishia kile alichokiondoa. Mvule mpya una rangi ya manjano, na hukolea kuwa kahawia kwa miaka mingi ya mwanga na mikono ya watu. Rangi hiyo imo katika tabaka jembamba la juu, nalo ndilo unalolilipia.

Kuhusu umri, usikitazame usoni, kigeuze. Anza na mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, penye matundu ya kamba. Kamba iliyovutwa kwa miaka mingi, ikalegea na kukazwa tena, hula mbao upande ule inakovutwa, kwa hiyo ukipitisha kidole utaona ukingo mmoja wa tundu umekuwa laini na umebonyea, ilhali ule wa pili bado una makali. Tundu lililotobolewa juzi kwa keekee ya umeme lina makali pande zote. Kisha ufuate matendegu. Mbao hunywea zaidi kwa kuzifuata pete zake za ukuaji kuliko kutoka kiini kwenda kwenye gome, kwa hiyo tendegu lililokerezwa likawa duara kamili siku ile, baada ya miongo mingi huwa na ubapa kidogo. Lipime kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, mahali pamoja, mara mbili, kutoka pande mbili tofauti. Vipimo vikilingana sawasawa katika matendegu yote manne, mimi ningeanza kutilia shaka hadithi ya 1880.

Binti_Mkunazini:
Naongezea la parafujo, dada yangu. Parafujo zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930, kwa hiyo ukizikuta, ama kitanda si cha 1880, ama kimefanyiwa matengenezo baadaye. Matengenezo si dosari, kwa maana kitu kilichotumika nyumbani lazima kiwe kimewahi kuvunjika; dosari ni kuyaficha. Hapa Unguja nimeona pia vitanda vya kulalia vilivyopunguzwa upana na kuondolewa upande mmoja, kisha vikauzwa kama vitanda vya kupumzikia, kwa kuwa siku hizi hivyo ndivyo vinavyotafutwa na wenye hoteli. Tazama kwenye vitakizo, zile mbao fupi za kichwani na miguuni: kama ulimi wa mbao unaingia katika tundu lililochongwa upya, au kama nakshi inakatika ghafla pasipo kumalizia ua lake, basi kilikuwa kipana.

Mpenda_Mbao:
Uliza pia habari ya wadudu. Kiini cha mvule ni kigumu kwa wadudu, lakini sehemu ya pembeni iliyo karibu na gome huliwa, na mafundi wa zamani nao walikuwa wakibana mbao kama sisi. Matundu madogo peke yake hayana neno, huenda wadudu waliondoka zamani. Tandika kitambaa cheusi chini ya kitanda kwa wiki moja; ukiona unga mpya mweupe juu yake, wadudu wangali hai, na usikiingize ndani kabla ya kutibiwa. Kukipangusa kwa mafuta ya taa, kama wengi watakavyokushauri, hakufiki walikojificha viluwiluwi.

Mkaazi_Kizingo:
Ahsanteni sana, nimejifunza mengi. Jambo moja sikulitaja: huenda mwakani tukahamia Muscat kwa kazi ya mume wangu, na ningependa kwenda nacho.

Mwanasheria_Pwani:
Hilo linabadilisha hesabu, dada. Kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, kifaa kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa kitu cha kale, na hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Kwa hiyo tarehe ile ile anayoitumia muuzaji kupandisha bei ndiyo inayoweza kukizuia bandarini. Mwombe aiandike kwenye risiti pamoja na mahali alipokipata. Akisita kuiandika, umeshapata jibu la swali lako la kwanza bila kalipa. Na akiiandika, wasiliana na ofisi za Makumbusho pale Fort Jesus kabla ya kulipa.

Mkaazi_Kizingo:
Nimerudi dukani leo. Matundu ya kamba yamelika upande mmoja kama alivyosema fundi, na matendegu yana ubapa. Ila ubao wa mgongo ni plaiwudi iliyopakwa rangi, na umeshikiliwa na parafujo za msalaba. Tarehe amekataa kuiandika. Sasa anasema "cha zamani sana".

Binti_Mkunazini:
Basi una fremu ya kale yenye mgongo mpya, na bei iseme hivyo hivyo. Mimi ningempa nusu, na mgongo ningemwachia yeye, kwani huenda hakikuwa nao tangu mwanzo.

FundiShela:
Nakubaliana naye. Ukikipata, kipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kikauke, kisha upake nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini, basi. Fundi yeyote atakayegusa mbao kwa msasa avae barakoa, maana vumbi la mvule huwasha kifua.

Kamba zibadilishe bila wasiwasi: kitanda cha kamba huwambwa upya kila zinapochoka, ndivyo kilivyokusudiwa. Chagua za miyaa, yaani majani ya jamii ya mitende, au za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Nailoni usiikubali, hata ukiambiwa haiozi; ni nyembamba na ngumu, hukata mbao penye yale matundu yaliyokwisha kulika. Kamba mpya zitalegea baada ya majuma machache, kwa hiyo mwekee fundi sharti la kurudi kuzikaza kabla hujamaliza kumlipa. Na godoro usinunue dukani, vipimo vya siku hizi havitaingia. Pima ndani ya mifumbati, ushonewe la sufi, jembamba, mama asikae juu kupita kiasi miguu ikaning'inia.