Kufunga mwamba wa pweza miezi mitatu: tuanzie wapi, na siku ya kufungua tufanyeje?

Fungu Kaskazini

Habari za majukumu, wanajamvi. Kikundi chetu cha usimamizi wa rasilimali za fukwe (BMU), upande wa Kilwa, kimekubali kufunga sehemu ya mwamba kwa ajili ya pweza, kama wanavyofanya Songosongo na Kisiwa Panza kule Pemba. Wanaotegemea mwamba huu ni watu kama 120, zaidi ya nusu ni kina mama wanaovua kwa miguu maji yakipwa. Tunaomba wenye ujuzi watusaidie: tufunge eneo kubwa kiasi gani na kwa muda gani? Alama tuweke vipi? Na siku ya kufungua tuzuie nini, maana tunasikia kuna waliomaliza kila kitu kwa siku mbili na bei ikaporomoka. Wazee nao wana swali lao: kama pweza anarudi haraka hivyo, kwa nini tusifunge mwamba mzima mwaka mzima, tukavuna mara moja?

Bamvua

Mkuu, nianze na la wazee, maana likieleweka hilo mengine yanajipanga. Pweza wa miamba yetu haishi sana, ni mwaka mmoja au mwaka na nusu hivi. Akiwa mdogo ananenepa kwa kasi ambayo samaki wengi hawana. Lakini jike hutaga mara moja tu maishani. Akishataga anajifungia shimoni, anaacha kula, anayapepea mayai kwa maji mpaka yaanguliwe, halafu anakufa. Ukifunga mwaka mzima, wengi uliowatunza wanakufa wenyewe kabla hujawavua, na watu wanakaa na njaa bure.

Andavadoaka, Madagaska, walipojaribu mara ya kwanza mwishoni mwa 2004 walifunga miezi 7. Baadaye wakaona miezi 2 hadi 3 inatosha. Takwimu za ufungaji 36 wa eneo lile zilionyesha kwamba mara baada ya kufungua, mvuvi mmoja alipata kwa siku karibu mara mbili ya alivyozoea. Kwa hiyo anzeni na miezi mitatu.

Eneo liwe kama sehemu moja ya tano ya mwamba mnaovua, si zaidi kwa mara ya kwanza. Mwamba uliobaki ndio utakaolisha watu wakati wa kusubiri. Chagueni sehemu inayoonekana kutoka kijijini. Fungu zuri lililo mbali nyuma ya kisiwa litavuliwa usiku na wageni, na ninyi mtakuwa mmewafugia.

Mama Mwani

Naongeza kwa upande wa kina mama. Hakikisheni eneo linalofungwa halichukui sehemu yote inayokauka. Mara nyingi kamati yenye wanaume watupu huchagua mwamba wa karibu, ambao kina mama ndio wanaofika kwa miguu. Wenye ngalawa na miwani wanaendelea kuzamia maji makubwa, mwenye kijiti na kikapu anabaki ufukweni miezi mitatu. Hapo ndipo mwamba unapoanza kuibiwa, na hao wanaoiba wana haki ya kulalamika. Igaweni mipaka: sehemu ya majini na sehemu ya kupwa, na kila upande ubakiwe na pa kuvulia.

Nahodha wa Zamu

Alama: dumu la plastiki la lita 10 lililopakwa rangi nyekundu au ya chungwa, moja kila kona, na jingine katikati pale ambapo mstari ni mrefu. Msitumie la lita 20 kwa nanga ndogo. Likizamishwa na mkondo linavuta juu kwa karibu kilo 20. Nanga ya ndoo ya lita 20 iliyojaa zege ina kilo kama 48 nchi kavu, lakini ndani ya maji hubaki na uzito wa kilo 28 tu, hivyo mawimbi ya kusi yanaikokota. Nanga ikae kwenye mchanga kando ya mwamba, kamwe si juu ya matumbawe. Kamba ipimwe maji yakiwa yamejaa siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo au mpevu, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Kupwa na kujaa kwetu hutofautiana hadi kama mita 4, kwa hiyo penye mita 3 maji yakipwa unahitaji kamba ya mita 9 au 10. Kagueni kila wiki mbili pale inapogusa jiwe, hapo ndipo hukatika.

Upande wa sheria, makubaliano ya mdomo hayamfungi mvuvi wa kijiji cha pili. Andikeni sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji uipitishe, kisha iidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Itaje mipaka, tarehe, faini, na kinachoruhusiwa. Mshipi uruhusiwe. Nondo, mkuki na kuzamia visiruhusiwe.

Bamvua

Sasa siku ya kufungua, ambayo ndiyo huharibu kazi ya miezi mitatu.

Mwambani mna mali mbili za tabia tofauti. Pweza hurudi kwa miezi. Tumbawe gumu la mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Mtu akivunja kichwa cha tumbawe chenye ukubwa wa ndoo kwa mtaimbo ili amtoe pweza wa kilo moja, amevunja nyumba iliyojengwa miaka mingi, na pweza wengine hawatapata pa kukaa. Kwa hiyo mtaimbo upigwe marufuku kabisa. Aliyeshindikana kwa kijiti aachwe.

Fungueni siku ya bamvua. Kwetu maji hukauka kati ya saa nne na saa tano asubuhi, basi hesabuni kila kitu kutoka hapo. Kina mama waingie kwanza maji yanapoanza kutoka, wazamiaji wabaki nje ya ukingo. Wazamiaji wakitangulia alfajiri, wanaokuja kwa miguu wanakuta mashimo matupu.

Wafundisheni watu kumtambua anayeatamia. Mlangoni mwa shimo utaona vijiwe na vipande vya makombe vimepangwa kama ukuta, na ndani, juu, vimening'inia vishada vyeupe vya mayai vyenye punje ndogo kuliko mchele. Huyo aachwe. Hata hivyo nyama yake imekwisha, hamtapata uzito.

Chini ya gramu 500 ni kosa kwa kanuni za uvuvi za Bara. Wekeni mizani ufukweni, na atakayeleta mdogo asilipwe kwa huyo.

Fungu Kaskazini

Ahsanteni sana, tumeelewa. Na bei? Mnunuzi wetu ni mmoja tu, na ndiye mwenye barafu.

Mizani

Huyo mmoja ndiye atakayewapangia bei saa tano, pweza wakiwa tayari juani. Wiki tatu kabla, iteni wanunuzi wawili au watatu, kila mmoja ataje bei ya kilo, na mkataba uandikwe. Watu 120 wakipata kilo 5 kila mmoja, hiyo ni kilo 600 kwa siku, na mnahitaji barafu karibu kilo 600 pia, kilo kwa kilo. Barafu ifike kabla ya saa nne. Asiyeweza kuileta asipewe zabuni.

Kubalianeni mapema pweza apimwe vipi: na matumbo au bila. Na asilowekwe kwenye maji ya kisima yasiyo na chumvi kabla ya mizani. Anavimba na kuongeza uzito kwa saa chache, mnunuzi analijua hilo na atashusha bei kwa wote, hata waaminifu. Mizani irudishwe sifuri kikapu kikiwa kimening'inia.

Kateni kiasi kidogo kwa kila kilo kwa ajili ya mafuta ya boti ya doria, kipokelewe palepale na risiti itolewe. Andikeni pia idadi ya wavuvi, saa walizovua na uzito wa kila pweza. Jumla ya kilo peke yake haisemi kitu, maana siku ya kufungua watu huwa wengi. Linganisheni kilo kwa mtu kwa siku, kabla ya kufunga na baada ya kufungua. Anzeni kuandika kesho, mwamba ukiwa bado wazi, la sivyo hamtakuwa na cha kulinganisha.