Mjadala: Mpemba wa Kilifi aliyepata uraia wa Kenya, huku kwetu Pemba ni nani?

Wa Wete: Assalamu alaikum. Mwaka 2023 Kenya iliwatambua Wapemba wa Kilifi na Kwale kuwa ni jamii ya nchi hiyo, wakaanza kupewa vitambulisho. Wazee wao walikwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi ya msimu, wakaoa, wakabaki. Ami yangu mmoja ni katika hao. Miaka yote laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina la jirani Mgiriama, chombo pia. Avue yeye, pesa ziingie kwenye simu ya mwengine! Leo kitambulisho anacho, alhamdulillah.

Ila Sheria yetu ya Uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, na uraia ni jambo la Muungano, Baraza la Wawakilishi la Zanzibar haliligusi. Akija Wete kwenye mikarafuu ya babake, kisheria ni mgeni. Mimi nasema sheria ibadilishwe. Hadi 1963 ule ukanda wa maili 10 wa Mwambao wa Kenya ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiukodi tangu 1895. Babake ami alivuka zama hizo, bendera ni moja huku na kule. Mwaonaje?

Wa Mkoani: Waalaikumu salaam. Huruma ninayo, kukubali sikubali. Sensa ya 2022 imetuhesabu Zanzibar watu 1,889,773, na ardhi haiongezeki. Ukimfungulia mlango mvuvi wa Kilifi, nyuma yake ataingia mwenye fedha na pasi ya Uingereza, na fukwe zitakwisha. Na kura je? Sisi tuliozaliwa hapa tunakwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani, kuthibitisha ukaazi.

Wa Wete: Hofu ya ardhi naikubali, kaka, si ndogo. Lakini tazama tulivyo sasa. Mtanzania wa Bara ni raia kama mimi na wewe, na uraia huo peke yake haumpi kura ya Rais wa Zanzibar. Uzanzibari una sheria yake tangu 1985, na mkaazi ana kitambulisho chake. Kwa hivyo uraia na kura tumeshavitenganisha zamani, na nchi haikuvunjika. Basi mpeni ami uraia, ardhi na kura ziwekewe masharti ya ukaazi. Ninachokidai ni aingie kwao bila kuitwa mgeni, na wanawe wairithi mikarafuu ya babu yao. Katika hilo, wewe wa Mkoani unapoteza nini?