Mjadala: Mafunzo ya kidijitali bila mwajiri, yaendelee kulipiwa na umma?

Mleta mada, Nairobi

Wadau, tangu 2016 serikali yetu ya Kenya inaendesha Ajira Digital, mpango wa kuwafunza vijana kazi za mtandaoni: kunakili sauti kuwa maandishi, kuingiza data, kuuza bidhaa mtandaoni. Mastercard Foundation imetia fedha, na muungano wa sekta ya kibinafsi, KEPSA, umo ndani. Sipingi vijana kufunzwa. Napinga kuhesabu vyeti kana kwamba ni ajira.

Pendekezo langu: shilingi ya umma ilipie mafunzo pale tu ambapo kuna mwajiri aliyekwisha kutia saini mkataba wenye mshahara, saa za kazi na michango ya NSSF. Kama hayupo, fedha hizo ziende kwingine.

Tazameni yaliyotokea hapa Nairobi. Kampuni ya Sama, iliyoanzishwa 2008 na Leila Janah kwa nia ya kuwapa maskini kazi za kompyuta, iliwafunza vijana wa mitaa ya mabanda. Watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walipowafuatilia, waliofunzwa na pia kuunganishwa na kazi walifanikiwa kuliko waliofunzwa tu. Kumbe kilichobadilisha maisha ni kazi, si darasa.

Na hata kazi yenyewe inahitaji ulinzi. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Sama waliosoma maelezo ya ubakaji na mateso ya watoto, ili mitambo ya OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, ijifunze kuyatambua, walikuwa wakipata kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Machi 2024 Remotasks, jukwaa la kazi za mtandaoni, ikawafungia mlango Wakenya. Watu waliokuwa wakilisha familia kwa kazi ile walijikuta nje, na kwa kuwa hakuna aliyewaajiri kisheria, hapakuwa na wa kumdai notisi.

Mchangiaji, Kisumu

Kakangu, umesema kwa uchungu, lakini sharti lako lingenifungia mimi nje. Nilifunzwa kunakili sauti bila mwajiri yeyote kunisubiri. Nilihangaika, nikapata mteja, kisha wa pili, na leo namlipia mdogo wangu karo. Mkataba unaoudai, nani anao huku kwetu? Anayefua nguo mtaani Nyalenda anao? Wa bodaboda je?

Kilichonitesa hakikuwa mkataba. Kilikuwa bando na laptopu. Mafunzo yakiisha, unarudi nyumbani na simu iliyopasuka kioo. Wateja wa Marekani wako macho sisi tukilala, kwa hiyo kazi nzuri huja usiku, saa ambayo kituo kimefungwa na msichana hawezi kutembea peke yake. Wenzangu wengine walikosa akaunti kwenye majukwaa makubwa, wakakodi za watu, na mwenye akaunti akawa anakata chake kila malipo yakiingia. Hapo ndipo fedha za umma zinahitajika.

Mchangiaji, Kamukunji

Mimi ni fundi wa mabati, natengeneza masanduku na majiko. Nauliza: kwa nini ukisema kidijitali lazima iwe kumfanyia kazi mtu aliye ng'ambo? Kijana ninayemfunza ufundi anataka kujua kupiga picha jiko likaonekana vizuri, kuweka bei, kumjibu mteja wa Nakuru, kuweka rekodi za till, namba ya biashara ya kupokelea malipo ya M-Pesa, ili sacco imkopeshe, na kumtambua tapeli anayetuma ujumbe bandia wa M-Pesa. Hayo yanampa hela wiki hii.

Pia masomo ni asubuhi, siku za kazi. Kibarua hulipwa kwa siku. Akienda darasani, jioni nyumbani hakuna unga. KYEOP, mpango wa ajira kwa vijana wa Kenya uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, uliwapa vijana posho walipokuwa mafunzoni. Wasipolipwa posho, watakaofika ni wale wenye mzazi wa kuwalisha.

Mleta mada

Fundi, nakuunga mkono moja kwa moja, na hoja ya posho ningeitanguliza mbele ya zote. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba ni asilimia 10.4 tu ya Wakenya wenye umri wa miaka 3 na zaidi waliotumia kompyuta, na asilimia 22.6 waliotumia intaneti. Kwa hali hiyo, kumpa kijana cheti na kumwacha bila kifaa ni kumdhulumu.

Dada wa Kisumu, nalegeza sharti kwa wanaojitafutia wateja kama wewe: kituo kiwe wazi usiku, kiwe na ulinzi, umeme wa akiba na kompyuta za kuazima. Lakini kwa kampuni zinazochukua watu kwa mamia baada ya sisi walipa kodi kuwafunza, silegezi hata kidogo. Serikali imeshajua kuwaona vijana hawa inapotaka kodi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka makato ya asilimia 5 kwa malipo ya watengeneza maudhui mtandaoni. Iwaone pia kama wafanyakazi.

Mchangiaji, Kisumu

Na kampuni ikikasirika ikahamia Kampala au Accra?

Mleta mada

Swali hilo linaninyima usingizi, dada. Kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook, yaani kukagua na kuondoa machapisho mabaya, ilihama kweli kutoka hapa, na wachujaji wa Accra nao wakalalamikia mambo yale yale. Kuna mawili yanayonipa nguvu. Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana hapa Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama cha wachujaji maudhui wa Afrika, si wa Kenya pekee. Na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Meta, kampuni inayomiliki Facebook, inaweza kushtakiwa hapa nchini, ingawa ilidai haina ofisi ya kushtakiwa kwetu. Hukumu kama hiyo inaweza kutumiwa na mawakili wa nchi jirani pia.

Sasa nyinyi mliopitia mafunzo haya, popote mlipo, tuambieni: kuna hata kipindi kimoja mlichofunzwa kusoma mkataba, au kudai malipo yaliyocheleweshwa?