Kampuni ya teknolojia inayotawala soko: unaijuaje kabla ya kununua hisa?

MwanaNgamiani: Wakuu, kikundi chetu hapa Tanga kinataka hisa za kampuni kubwa za teknolojia za nje. Kila mjumbe anataja jina analoliona kwenye simu yake. Tuangalie nini hasa?

Hesabu_Chumbageni: Umaarufu wekeni kando. Fikirieni kivuko cha Pangani: mwenye gari anayekwenda Bweni asipopanda pale, azunguke mbali. Kampuni inayotawala ndiyo hiyo. ASML ya Uholanzi haimo kwenye midomo ya watu, lakini ndiyo pekee inayouza mashine za EUV (zinazotumia mwanga wa pekee) za kuchapa chipu za kisasa kabisa. Watengenezaji chipu TSMC, Samsung na Intel wote wanapita kwake.

Sasa namba. Ingieni EDGAR, hazina ya mtandaoni ya ripoti za kampuni zilizoko kwenye soko la hisa la Marekani, ni bure, mfungue ripoti ya mwaka iitwayo 10-K (nyingi za kigeni hutumia 20-F). Chukueni mapato, toeni gharama za bidhaa zilizouzwa, kinachobaki kigawanyeni kwa mapato mpate asilimia ya faida ghafi. Fanyeni kwa miaka 5. Mwaka mmoja unadanganya. Kisha faida ya uendeshaji, yaani inayobaki baada ya gharama zote za kuendesha biashara: Microsoft, mwaka ulioishia Juni 2024, ilipata dola bilioni 245 na kubakiwa na bilioni 109, karibu senti 45 kwa kila dola. Mauzo yakipanda huku asilimia hizo zinashuka mwaka hadi mwaka, mara nyingi kampuni inavuta wateja kwa kushusha bei. Hapo hakuna utawala.

Bi_Raskazone: Kaka kasema kweli, ila Pangani walianza kujenga daraja, na likikamilika kivuko hakitahitajika. Tafuteni daraja la kila kampuni, yaani njia ambayo wateja wanaweza kuikwepa. Someni sehemu ya 1A ya 10-K, vihatarishi, halafu maelezo ya hesabu mwone kama yupo mteja anayebeba zaidi ya asilimia 10 ya mapato. Mteja mkubwa hujitengenezea mwenyewe: Google ananunua chipu za Nvidia na bado ana zake, TPU.

Na bei jamani! Cisco mwaka 2000 ilitawala vifaa vya mtandao, na biashara haikufa. Lakini bei ya hisa moja ilikuwa zaidi ya mara 100 ya faida ya mwaka kwa hisa hiyo. Kufikia 2002 ilishaporomoka zaidi ya asilimia 80.

MwanaNgamiani: Ahsanteni sana. Na gawio linakatwa kodi?

Hesabu_Chumbageni: Kwa kampuni za Marekani, asilimia 30 inakatwa hukohuko, maana Tanzania haina mkataba wa kodi nao. Mtu binafsi hujaza W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa wasio raia wala wakazi wa huko. Kikundi kilichosajiliwa kama kampuni, W-8BEN-E. Msichanganye, dalali atawarudishia fomu.